Malori yaliyobeba ngoma Kusini: tuyataje kabla hayajaishia kwenye vyuma chakavu

Mwanzisha uzi (Mtwara mjini)

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari zenu.

Uzi huu nimeubeba kichwani tangu Jumanne. Mchana nilikuwa napita mitaa ya nyuma Magomeni, nikasikia harufu ya rangi ya mafuta inaungua. Kugeuka, vijana wawili wa vyuma chakavu wameegesha guta, wana mtungi wa gesi, wanakata Bedford. Ile Bedford yenye pua, TJ, iliyokaa chini ya mwembe miaka na miaka mpaka magugu yakatokea dirishani. Chesisi ilishakuwa vipande vinne. Boneti imelazwa pembeni na kuku wamepanda juu.

Kilichonisimamisha ni ubao wa nyuma, ule mlango wa bodi. Mbao za mninga, unene wa vidole viwili, zimefungwa pamoja kwa bapa za chuma. Rangi ya bluu imepauka, lakini maandishi unayasoma ukiwa mbali: MWENYEJI APONE. Kila herufi ina kivuli chekundu upande wa kushoto na inamalizika kwa kimkia. Mwisho wa maneno kuna mpiga ngoma, urefu wake haufiki shibiri, ameinama, ngoma kaibana kwa magoti. Aliyechora alikuwa mtu wa ngoma, maana hakusahau ule mguu mmoja uliochongoka wa ngoma ya Kimakonde, na ameuchora umezama mchangani kama inavyotakiwa.

Lori lile nimelijua kabla sijajua kusoma. Marehemu baba alikuwa utingo wake.

Nikauliza ubao bei gani. Wao shida yao chuma, mbao walishamwahidi mama anayekaanga mihogo hapo jirani. Nikatoa 15,000, mama nikamwachia hela ya kuni, nikaondoka na ubao kichwani hadi Chikongola, jua la saa nane. Sasa umeegemea ukuta sebuleni. Ubao wa mbele, ule wa juu ya kichwa cha lori, uliandikwa MGENI NJOO. Huo sikuukuta.

Sasa hoja yangu. Tukizungumza sanaa za Kusini tunataja vinyago, sindimba, midimu (ngoma ya wacheza barakoa). Magari ya zamani tunayapeleka kwenye nyuzi za magari, watu wabishane injini. Mimi nasema huku kwetu vilikuwa kitu kimoja. Kikundi cha ngoma kisicho na lori kilichezea kijijini kwao tu. Lori ndilo lililoifanya ngoma ya Newala ijulikane Mikindani, na ya Masasi ijulikane Lindi. Yule dereva, yule utingo, yule fundi aliyeandika ubao, wote walikuwa watu wa ngoma ingawa hawakupiga wala kucheza.

Vijana lazima waelewe barabara zilivyokuwa. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika ikikolea njia ya Dar es Salaam inakatika kabisa. Msafiri anangoja meli. Malori ya Mtwara na Lindi yalikuwa kama yamefungiwa huku, na nadhani ndiyo maana yalikuwa yetu kweli kweli. Oktoba hadi Januari yalisomba korosho. Baada ya hapo yalifanya kila kitu: mapipa ya maji kwa watu wa uwandani Newala na Tandahimba ambako maji yalikuwa shida kubwa, maiti kurudishwa kwao, timu ya mpira, kuni, chumvi, bibi harusi na shangazi zake. Kiangazi kikiingia, mavuno yamekwisha, vijana wanatoka jandoni, hapo lori linakuwa la ngoma.

Baba alinifundisha kupakia ngoma, na ni kazi ya adabu. Ngoma hailali. Ukiilaza itabingirika kwenye makorongo, ngozi itapigwa na pembe ya bodi na hapo umeua sauti yake. Unatanguliza magunia chini, kisha kila ngoma unachomeka mguu wake katikati ya magunia mawili, ngozi ikiangalia juu. Zile kubwa zinakaa nyuma ya kichwa cha lori ambako mtikisiko ni mdogo. Kisha kina mama wanavua kanga zao za juu wanazifunika, kanga moja ngoma moja, ndipo watu wanapanda. Utingo anasimama nyuma kabisa, mkono mmoja kwenye ubao, macho kwenye ngoma. Baba alikuwa akisema mtu akidondoka atapiga kelele, ngoma ikidondoka haisemi.

Mkifika usiku ngozi zimelegea kwa umande. Wanawasha makuti makavu, wanaziotesha moto huku wanazigonga kwa ncha za vidole na kusikiliza. Mwangaza sasa. Umeme hakuna, karabai ni moja na iko kwa wazee. Dereva anageuza lori, anawasha taa kubwa kuelekea uwanjani, na injini haizimwi ili betri isiishe. Picha hiyo ninayo mpaka leo: vumbi linapanda kwenye mwanga, viuno vinakatika, vivuli vyao vikubwa kuliko miti viko kwenye ukuta wa nyumba ya nyuma, na chini ya ngoma zote unasikia Bedford inanguruma taratibu. Mara mojamoja dereva alikanyaga mafuta kidogo ili taa zisififie, na wachezaji walijua, walipandisha naye.

Basi naomba kila mwenye kumbukumbu ataje: lori gani, lilikuwa la rangi gani, liliandikwa nini, lilibeba ngoma gani, na sasa liko wapi. Andikeni hata mistari miwili.

Mdau wa Nachingwea

Mkuu umenigusa. Ila mbona umeanzia kwenye Bedford? Huku kwetu chuma kilianza na karanga. Waingereza walipoleta ule mpango wao wa mashamba makubwa ya karanga mwaka 1947 walichukua maeneo matatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Huku wakajenga na reli, kwanza kutoka Mkwaya kule Lindi, baadaye kutoka Mtwara, ambako bandari ya maji marefu ilikamilika 1954. Mpango wenyewe ulishavunjwa mwaka 1951. Reli ikabaki haina mzigo, na baada ya Uhuru kidogo tu ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Babu yangu alifanya kazi ya kung'oa visiki. Alitusimulia mashine zilizokuwa vifaru vya vita, zimeondolewa mizinga zikafanywa matrekta. Sisi wadogo tulidhani ni hadithi za kutufurahisha. Baadaye nikasoma nikakuta ni kweli: vifaru vya Sherman viligeuzwa na kampuni ya Vickers, wakaviita Shervick. Babu alisema ardhi yetu ikikauka ni kama saruji, inakula meno ya plau. Karanga zenyewe zilikuwa chini, hazichimbiki.

Shuleni kwetu kengele ilikuwa kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mkorosho, kinagongwa kwa bolti. Sauti yake inafika kijiji cha pili.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwenye kengele umenikumbusha kwamba hapa mjini tuna kata nzima inaitwa Reli, na mtoto akikuuliza reli yenyewe iko wapi huna pa kumwonesha. Jina limeishi kuliko chuma. Ndiyo hofu yangu kwa malori pia. Kama hicho kipande bado kipo tafadhali kipige picha.

Mdau wa Newala

Nitasema tofauti kidogo, mnisamehe.

Mnayasifu malori kwa yale yaliyoleta. Mimi nakumbuka yaliyochukua. Baba yangu mdogo alikuwa mchongaji. Alichonga mpingo, kazi ya ujamaa, watu wamepandana kwenye gogo moja, huyu kambeba yule, ukizungusha unakuta sura nyingine. Siku moja alipanda lori na magogo yake sita, alisema anakwenda Dar es Salaam kuuza, atarudi kabla ya mvua. Wachongaji wengi wa huku waliondoka hivyo. Leo ukitaka kinyago kizuri cha Kimakonde unaambiwa nenda Mwenge, huko huko Dar es Salaam. Marehemu George Lilanga, aliyezaliwa huku kwetu Kusini mwaka 1934 na jina lake likafika mpaka Ulaya na Marekani, naye kazi zake kubwa alizifanya akiwa Dar es Salaam, zile sura za mashetani wenye masikio makubwa. Alifariki 2005. Tunajivunia, sawa. Lakini watoto wa hapa wanajifunza kuchonga kwa nani?

Baba mdogo alirudi mara mbili tu, mara zote kwenye msiba. Patasi zake bado ziko kwa mama, kwenye kopo la maziwa.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, sina la kukupinga. Uliyosema ni kweli na naona aibu kwamba sikuyaandika mwanzoni. Lori lile lile lilileta ngoma Jumamosi na likaondoka na mchongaji Jumatatu.

Niongeze habari moja ya mchongaji aliyebaki, maana wapo. Nina Land Rover 109, Series III, niliyoinunua ikiwa imekufa kwenye shamba la mikorosho upande wa Naliendele. Kirungu cha gia hakikuwepo, ilibaki fimbo tupu inayochoma mkono. Nikampelekea mzee mmoja mchongaji hapa mjini. Hakuniuliza nataka umbo gani. Aliniambia nikae kwenye kiti cha dereva, nifumbe macho, niweke mkono kwenye gia kama ninavyoendesha. Akauangalia mkono wangu muda mrefu, akapima kiganja kwa kamba ya mgomba, akaniambia nirudi Ijumaa.

Ijumaa akanipa sura ya mzee mwenye mashavu yaliyoingia ndani. Kidole gumba kinakaa shavu moja, vidole vingine vinapita nyuma ya kichwa. Mpingo mweusi, isipokuwa juu ameacha utepe mwembamba wa ule mti mweupe wa nje, ukawa mvi za yule mzee. Tundu la kuingilia fimbo alilitoboa kwa keke, kisha akachukua bolti ya saizi ile ile, akaipasha moto na kuizungusha taratibu mpaka ikakata nyuzi zake yenyewe kwenye mti. Nilitaka kupaka kiwi ing'ae kama vinyago vya dukani. Akanikataza. Jasho la mkono wako ndilo rangi yake, alisema, ukipaka kiwi unamfunika mzee kabla hajakuzoea. Ni miaka minne sasa. Mashavu yameng'aa, paji la uso bado limepauka kwa sababu mkono haufiki hapo.

Mzee huyo ana wanafunzi wawili. Wawili tu, lakini wanakuja kila siku.

Fundi, Masasi

Mkuu hebu tuambie hiyo 109 chesisi yake ikoje. Mtwara kwenye upepo wa bahari hizi gari zinaliwa. Nina moja hapa ya mteja imetoka Lindi, bodi safi kabisa, chini huko ni biskuti.

Mwanzisha uzi

Fundi, hapo ndipo hela yangu ilipozama. Watu wanadanganyika na bodi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haishiki kutu, kwa hiyo gari linaweza kuonekana zima huku mifupa imeoza. Chesisi ni chuma, tena ni boksi lenye uwazi ndani. Tope lenye chumvi linaingia, linakaa, linakula kutokea ndani kuja nje. Ukiona kutu nje ujue ndani kulishakwisha.

Mimi napima kwa nyundo ndogo, alivyokuwa akifanya baba. Unalala chini, unagonga kuanzia mbele kwenda nyuma kila upana wa kiganja, na unasikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilichokufa kinatoa sauti nzito fupi, kama ngoma iliyopigwa na umande. Changu kilikufa sehemu tano, zaidi kwenye ile mikono inayoshika bodi na nyuma kabisa kwenye boriti ya mwisho. Nilikata nikachomelea bapa za milimita 3. Fundi wa kwanza aliweka viraka juu ya kutu akapaka rangi nyeusi, akachukua hela yake. Masika moja tu viraka vikabanduka, nikaanza upya na fundi mwingine. Msikubali kiraka juu ya kutu, kata mpaka ufike chuma kinachong'aa.

Jingine: pale aluminiamu inapokutana na chuma, kukiwa na chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe umevimba chini ya rangi. Mimi nimekata vipande vya tyubu ya baiskeli nikaviweka katikati kila penye bolti. Na kila kabla ya masika napaka oili chafu chesisi nzima, na ndani ya boksi naimimina kwenye matundu kwa mpira. Inachafua nguo lakini inasaidia.

Pole kwa wasiopenda magari, nimejisahau.

Kijana wa Shangani

Braza heshima yako. Mimi nina kirikuu, nabeba spika na jenereta, tunapiga mziki kwenye sherehe kuanzia hapa mjini hadi Mikindani na Msijute. Wazee wakituona wanasema tumeua ngoma. Ila nikisoma habari ya lori kuwasha taa uwanjani naona ndicho tunachofanya sisi. Na mimi nawasha taa za gari kuelekea wachezaji. Na mimi siruhusu mtu akae juu ya spika.

Swali langu: yule aliyeandika ule ubao wa bluu, yupo? Nataka kuandikisha kirikuu changu. Kwa sasa nimebandika stika, na jua la huku limeshaila.

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, maneno yako yamenifurahisha kuliko yote. Hujaua ngoma. Umebeba.

Aliyeandika ule ubao alishatangulia mbele ya haki. Lakini yupo bwana mmoja aliyejifunzia kwake, anaandika mitumbwi na kuta za maduka. Nimekwenda kumwona jana kwa ajili ya swali lako, nikambebea ubao aukague. Alipouona alikaa chini kwanza. Akapitisha kidole kwenye ile mikia ya herufi, akanieleza kwamba mwalimu wake alianza na kivuli chekundu, akakiacha kikauke usiku mzima, ndipo akaandika herufi nyeupe juu yake. Waandishi wa haraka huandika herufi kwanza kisha wakachomeka kivuli pembeni, ndiyo maana kazi zao zina kingo za kutetemeka. Brashi alitengeneza mwenyewe kwa manyoya ya mkia wa ng'ombe.

Nikamuuliza bei ya kirikuu. Amesema mbele na nyuma 40,000, rangi ulete mwenyewe, tena iwe ya mafuta, na gari uliache siku tatu. Nitakutumia namba yake kwenye meseji. Fikiria maneno yako mwenyewe, usichukue ya mtu.

Mama wa Mikindani

Hamjambo wanangu. Nimesomewa uzi huu na mjukuu, naye ndiye anayeniandikia.

Mmesema vizuri lakini mnazungumza kama wanaume. Kanga zilizofunika ngoma mnazitaja kwa mstari mmoja. Kanga zile tulichagua. Ngoma ya furaha tuliifunika kanga mpya, ngoma ya kwenda kuhani tuliifunika ya zamani, na dereva akiangalia nyuma alijua aendesheje. Na nyimbo za njiani nani aliziimba kama si sisi? Tulitunga humo humo ndani ya lori, tukishika bodi. Dereva mwenye moyo mzuri tulimwimbia jina la mama yake. Mwenye kiburi alifika akiwa hajaimbiwa, na kijiji kizima kilielewa.

Neno jingine. Naona mnataka picha, mnataka kila kitu kiandikwe. Ya kuchezwa uwanjani yaandikeni, hayana siri. Lakini unyago una ngoma zake na maneno yake, na mwali hafunzwi kwenye simu. Lori likifika mahali fulani wanaume waliteremka, dereva akateremka, akaendelea mwanamke kwa miguu na ngoma kichwani. Hapo pa kuteremka msipavuke na nyinyi.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Nimepokea yote mawili.

La kanga sikulijua kabisa, na baba hakuwahi kuniambia, labda naye hakujua. La unyago tutaliheshimu: humu atakayeweka picha au maneno ya ndani nitaomba yaondolewe, na ninawaomba wadau wote mnisaidie kulinda hilo.

Mama, nina ombi. Wewe uliimba nyuma ya lori lipi?

Mama wa Mikindani

Kulikuwa na Albion ya kijani ya Mhindi mmoja wa korosho. Ilikuwa na honi ya kubinya kwa mkono, mpira mwekundu. Na kulikuwa na hilo lenu la bluu. Utingo wake alikuwa mwembamba, ana kofia ya kufuma, alikuwa akituhesabu wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, kwa sauti, kama mwalimu. Kama huyo ndiye baba yako, Mungu amrehemu. Hakuna usiku hata mmoja aliosahau mtu.

Mwanzisha uzi

Ndiye, mama. Kofia ile tunayo.

(Wakuu, nimeondoka kidogo kwenye simu, sasa nimerudi.)

Mdau wa Nachingwea

Pole mkuu. Picha ya kengele nitaileta, nimempigia mwalimu, amesema bado ipo na bado inagongwa. Mkorosho ulianguka, wameihamishia kwenye mwembe.

Mdau wa Newala

Na mimi nimekwenda kwa mama kuangalia lile kopo. Patasi ni saba na tezo moja, mpini umeliwa na mchwa. Yule mchongaji wa hapo mjini mwenye wanafunzi wawili, atakubali nikimletea? Sitaki ziuzwe. Nataka zishikwe.

Mwanzisha uzi

Atakubali. Njoo nazo, nitakupokea stendi mwenyewe.

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo wengi mmeniandikia pembeni: tukutane. Nimezungumza na watu watatu wanne, na pendekezo ni Mikindani, si mjini. Uwanja wa Mashujaa ni mzuri lakini una kelele za bodaboda. Mikindani ni kilomita kama 10 tu, kuna kivuli, kuna bahari, kuna zile nyumba za mawe na Boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo nalo lilikuwa gofu kabla halijakarabatiwa. Mahali penyewe panaonesha kwamba kitu cha zamani kikishikwa vizuri kinasimama. Tukutane Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa saba, vumbi lipo lakini mvua hakuna.

Magari mpaka sasa: 109 yangu, Land Rover nyingine fupi ya mzee wa Ligula, Peugeot 404 pikapu ya Lindi kama itapata klachi, na fundi wa Masasi amesema ataikokota ile ya mteja wake kama mwenyewe akiridhia, hivyo hivyo ikiwa biskuti, ili watu waione chesisi iliyooza inavyokuwa. Kirikuu cha Shangani kitakuja na maandishi yake mapya. Baiskeli za Swala na Phoenix za zamani zinakaribishwa, nazo zilibeba ngoma nyuma kwenye keria. Sitaki mashindano wala zawadi. Sitaki pia gari likae tu linapigwa picha. Kila gari libebe kitu: ngoma, kinyago, kina mama, mapipa ya maji, chochote kilichokuwa mzigo wake.

Ngoma za uwanjani tu, kama mama alivyosema. Magari yatateremsha watu pale watakapoambiwa, na madereva watateremka pia.

Jua likizama tutageuza magari, tutawasha taa. 109 itabaki inanguruma.

Ubao wa MWENYEJI APONE nitaufunga nyuma ya 109, nimeshatoboa matundu. Kama kuna anayejua ulipo ule wa MGENI NJOO, hata ukiwa umefanywa mlango wa banda la kuku, nitakuja na ubao mwingine mzima kubadilishana.

Kijana wa Shangani

Braza gari naliacha kwa mwandishi kesho asubuhi. Maneno nimeshapata: TUTAFIKA WOTE. Mama wa Mikindani, kuna ngoma ngapi za kupakia? Niambie mapema nitafute magunia.

Mama wa Mikindani

Ngoma tano, mwanangu, na moja ni kubwa. Magunia yawe ya katani, ya plastiki yanateleza. Kanga tutakuja nazo.